Mkweche wa dola 500

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, Tanga

Mkuu wa chuo, walimu wangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Mezani hapa nimeweka themostati mbili, vile vidude vinavyofungua na kufunga njia ya maji ya injini, na birika la umeme. Naomba msiviguse kwanza, tutavifikia.

Nimeombwa nizungumzie kazi yangu ya Houston, Texas, lakini kazi yenyewe mnaifahamu: kubadili pedi, kumwaga oili, kusikiliza bering inayolia. Nimeona heri niwaambie habari ya gari tulilojenga mimi na wenzangu watatu, maana pale nilijifunza ufundi zaidi ya miaka yote niliyolipwa mshahara.

Marekani kuna mashindano yanaitwa 24 Hours of Lemons. Jina hilo limechezewa kwa makusudi. Le Mans ni mji wa Ufaransa ambako tangu 1923 magari ya mamilioni hukimbia saa 24 mfululizo. Lemon ni limau, na Mmarekani akiuziwa gari bovu husema ameuziwa limau. Sisi tungesema mkweche. Mashindano haya yalianza 2006 huko California, aliyeyaanzisha ni mwandishi wa habari za magari, Jay Lamm, na sharti lake kuu ni moja: gari pamoja na ulichofunga ndani yake visizidi dola 500. Hiyo kwetu ni milioni moja na kitu. Kabla ya mbio waamuzi wanalizunguka gari, wanachungulia chini ya boneti, wanadai risiti. Wakiona umezidisha, kila dola 10 za ziada unakatwa mzunguko mmoja wa uwanja, kwa hiyo unaanza ukiwa na deni kabla hata hujawasha injini. Ruksa kuuza vitu vya gari lenyewe, viti, zulia, redio, ili kupunguza hesabu.

Jina linasema saa 24, lakini mbio nyingi ni za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, jumla saa kumi na nne au kumi na tano hivi. Madereva mnapokezana. Anayeshinda ni aliyezunguka mara nyingi zaidi.

Sisi tulikuwa wanne. Mimi, ndugu mmoja wa Bukavu, Kongo, mchomeleaji ambaye sijaona mfano wake, jirani yangu Mmarekani, mzee wa makamo anayefanya kazi za umeme wa majumbani, na kijana wa Kimeksiko tuliyekuwa gereji moja. Tulinunua Geo Prizm ya 1995. Najua hamjawahi kulisikia gari hilo. Wadogo zangu, hilo ni Corolla! General Motors na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia Fremont, California, kiliitwa NUMMI, na mle ndani Corolla ilipachikwa jina la Kimarekani ikauzwa kama Geo. Injini ni ileile 7A mnayoifungua hapa, ya lita 1.8, kaka yake 5A. Hata taimingi belti ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Ila kwa kuwa kwenye buti hakuna neno Toyota, mnunuzi wa kawaida anaipita, na bei inashuka. Tulilipata kwa dola 650, tukauza vya ndani mpaka hesabu ikaingia chini ya 500.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niyapende mashindano haya. Kila kinachomlinda dereva hakihesabiwi katika zile dola 500. Kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka, kiti cha mashindano, mikanda, mtambo wa kuzima moto, breki, tairi: tumia utakacho, hakuna atakayekukata mzunguko. Sisi tulitumia zaidi ya dola elfu nne kwa hivyo peke yake. Gari mia tano, mtu elfu nne! Mke wangu aliponiuliza kulikoni, nilimwonyesha ukurasa wa sheria, akausoma, akanyamaza, kisha akasema, "Basi hapo wana akili."

Ndugu yangu wa Bukavu alichomelea kizimba kwa majuma matatu, kila jioni baada ya kazi. Mabomba yenye kipenyo cha milimita 38, chuma chenye unene wa zaidi ya milimita mbili. Kila kiungo alikichomelea mzunguko mzima, hata upande wa juu ulio karibu na paa ambako mkono hauingii. Ili aufikie alitoboa sakafu, akakishusha kizimba chote chini, akachomelea juu, akakiinua tena na kuziba matundu. Nilimwambia, kaka, huko juu nani ataona? Hakunijibu. Siku ya ukaguzi mwamuzi alikuja na kioo kidogo chenye mpini, akakiingiza huko huko juu, akakizungusha kila kona. Akamshika mkono ndugu yangu.

Kofia nayo haiwi ya pikipiki. Inatakiwa yenye cheti cha mbio za magari, kwa sababu hiyo hupimwa pia kwa moto. Na mabegani unavaa kifaa kinachoshikilia kichwa na shingo. Kifaa cha aina hiyo kinachojulikana zaidi ni HANS, kazi ya mashemeji wawili, Robert Hubbard, profesa, na Jim Downing, dereva, walioianza miaka ya 1980. Kwa muda mrefu madereva wakubwa walikikataa, wakasema kinabana. Februari 2001 Dale Earnhardt, bingwa aliyependwa sana wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari Marekani, aligonga ukuta katika uwanja wa Daytona katika mzunguko wa mwisho akafariki kwa kuvunjika chini ya fuvu, na hakuwa amekivaa. Kabla mwaka haujaisha kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa lazima katika ligi yao. Mimi nikikivaa huwakumbuka madereva wa mabasi niliowafahamu barabara ya Segera, sina la kuongeza hapo.

Kuhusu kasi nitasema kidogo. Kijana wetu Mmeksiko alitaka tulitafutie gari nguvu. Mzee wa umeme akachukua chaki akaandika ukutani. Mzunguko mmoja ni dakika mbili. Tukisimama dakika kumi kurekebisha kitu, tumepoteza mizunguko mitano, yaani sekunde 600. Tukiwa wepesi kuliko wenzetu kwa sekunde mbili kila mzunguko, na sekunde mbili ni nyingi mno, tutahitaji mizunguko 300 kuzifidia. Mizunguko 300 ni saa kumi. Hesabu ile haikufutwa gereji mpaka leo. Tukaacha habari ya nguvu, tukahangaika na vitu vinavyosimamisha gari: hozi zote mpya, bering zote mpya, bamba dogo ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini, ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Na mafuta ya breki. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ila hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa yanaweza kuchemka nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230, yakilowa 155. Mjini huwezi kuona tofauti. Uwanjani unakanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache kwa saa mbili. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo. Tulimwaga yote tukaweka ya mashindano. Hapa Tanga, karibu na bahari, kopo la mafuta ya breki lililoachwa wazi mwezi mzima mnaliweka kwenye gari la mtu mwenye watoto. Naomba sana mliache.

Nafika kwenye themostati.

Mimi nimefundishwa kazi gereji bubu ya mtaani Ngamiani, na nawashukuru walionifundisha. Lakini kitu cha kwanza tulichofanya kwa gari lililochemsha kilikuwa kutoa themostati na kuitupa. Nchi ya joto ya nini themostati? Nilikwenda nayo imani hiyo mpaka Texas. Usiku wa kuamkia mbio, wenzangu wamelala, nikaitoa. Sikumwambia mtu. Niliona nawafanyia hisani.

Jumamosi, saa ya tatu ya mbio, jua la utosi. Usukani anao ndugu wa Bukavu. Nikamwona anaingia kwa mwendo wa kobe, mkono juu, mvuke unatoka pembeni mwa boneti. Akashuka, akavua kofia, fulana imeganda mwilini, akasema, "Kaka, geji ilipanda tu, nikapunguza mwendo, haikushuka." Tulipochomoa dipstiki oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi, kiziba cha kati ya hedi na bloku, imekwenda, maji yameingia kwenye oili.

Tukafungua hedi pale pale juu ya turubai. Timu ya jirani, tuliyokuwa tunaifukuzia uwanjani, wakatuletea taa na rula ya chuma. Kijana wao akakimbia mjini kununua gasketi. Tukapima hedi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kona kwa kona, tukakuta haijapinda, nikapumua. Mzee mmoja wa timu ile alikuwa ameinama kwenye bomba la maji. Akauliza, themostati iko wapi? Nikasema nimeitoa. Hakunikaripia. Alichukua mpya, akaigeuza upande wa chini.

Itazameni hii. Ina sahani mbili. Ya juu hufungua njia ya rejeta, panapopozwa maji. Hii ndogo ya chini, mnaiona? Ya juu ikifunguka, hii inashuka na kuziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Mjini, injini haina kazi kubwa, utadhani umetibu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nusu saa mfululizo, sehemu ya maji yanayochemka inazunguka tu ndani ya injini haijaona rejeta. Vitabu vya Toyota vya injini hizi vinasema wazi: usiitoe, hata kama gari linachemsha.

Niliwaambia wenzangu usiku ule ule kwamba kosa ni langu. Ndugu wa Bukavu aliniambia nishike tochi vizuri. Saa tisa usiku injini ikawaka. Jumapili Prizm ilizunguka saa zote saba zilizobaki, geji imekaa katikati kama imegandishwa kwa gundi, mpaka bendera ya mwisho. Tulimaliza chini ya nusu ya orodha. Nilipopita ile bendera nikiwa kwenye usukani nililia ndani ya kofia, na wale jirani wa taa na rula walikuwa wamesimama ukutani wakipunga mikono kama gari ni lao.

Sasa birika. Mwalimu, naomba uliwashe. Themostati hii ya kwanza ni nzima, imeandikwa 82. Ya pili niliiokota jana kwenye chuma chakavu nyuma ya karakana yenu, na sijui hali yake. Tutazitumbukiza zote mbili. Wewe binti wa mbele, shika kipimajoto, utusomee kwa sauti kila nyuzi tano. Wengine sogeeni, mkae pale mnapoiona ile sahani ya chini.