Kadi ya bima ninayo, kipimo bado

Haya, habari za huko nyumbani? Leo narekodi nikiwa ndani ya gari, nje ya kliniki hapa Houston. Mkono wa kushoto nikiuinua unaishia hapa. Mnaona? Haupandi tena. Wiki ya tano hii.

Mama mdogo juzi kaniuliza, "Si una bima, mwanangu? Unasubiri nini?" Mama, bima ninayo, na kila mshahara wanakata. Daktari aliniandikia kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili, siku ile ile. Kinachosubiriwa ni kibali cha bima kabla ya kipimo. Anayekitoa ni mtu wa bima ambaye bega langu hajawahi kuliona. Na maombi kliniki wanayatuma kwa faksi. Faksi, jamani! Mara ya kwanza wakasema ukurasa mmoja haukufika. Mara ya pili wakasema nifanye kwanza mazoezi ya viungo wiki sita. Ule muziki wao wa kwenye simu sasa nauimba nikiosha vyombo.

Kuna mlionitumia habari ya kanuni mpya ya vibali hivi. Ni kweli ipo. Serikali kuu iliitoa 2024, na tangu Januari 2026 bima zinatakiwa kujibu maombi ya haraka ndani ya saa 72, ya kawaida ndani ya siku 7, na wakikataa waseme sababu hasa. Nilifurahi, kisha nikasoma inamhusu nani: Medicaid ya wenye kipato kidogo, CHIP ya watoto, na Medicare Advantage ya wazee. Bima ambazo watu hujinunulia kwenye soko la serikali kuu zinabanwa kusema sababu tu, si kwenye hizo saa na siku. Sisi wa bima ya mwajiri hatumo. Dawa nazo hazimo.

Texas nayo tangu 2021 ina sheria ya "kadi ya dhahabu": daktari ambaye angalau asilimia 90 ya maombi yake ya huduma fulani hukubaliwa, haombi tena kibali cha huduma hiyo. Hiyo naipenda. Ila mwajiri wangu analipia matibabu mwenyewe, kampuni ya bima ni karani wake tu, na mwajiri wa namna hiyo sheria ya jimbo haimfikii.

Basi nakata rufaa. Mwaka 2023 Medicare Advantage walikataa maombi milioni 3.2. Waliokata rufaa hawakufika 12 katika kila 100, na katika hao waliokata, zaidi ya 80 kwa 100 walishinda. Wengine wote walinyamaza!

Barua ya daktari hii hapa, kurasa mbili. Naingia ndani, na safari hii nasimama pale pale kwenye faksi nihesabu kurasa zikiingia.