Dira ndo ilianzisha safari za chini ya ardhi

Asanteni, wa huko nyuma sogeeni basi. Naanza na dira, maana hizi stori za watu kuzama ndani ya dunia hazikuzuka tu. Mabaharia walikuwa wanasumbuka, sindano haielekei kaskazini sawasawa na miaka ikipita inazidi kuhama, sasa Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, yule yule ambaye ile nyota ya mkia imepewa jina lake, mwaka 1692 akasema labda dunia ni ganda, na ndani yake kuna matufe mengine kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, kila moja na mwendo wake, ndo maana sindano inahama. Tena akaona huko ndani panaweza kuwa na mwanga na viumbe. Alikosea, mwanasayansi Henry Cavendish mwaka 1798 alipima akakuta dunia ina uzito kama mara 5 na nusu ya maji ya ujazo ule ule, mawe ya juu hayafiki huko, kwahiyo ndani kumeshiba. Ila Halley alikuwa anajibu swali la kweli, namheshimu sana kwa hilo.

Mwaka 1741 akaja Ludvig Holberg, mzaliwa wa Bergen, Norwei, profesa Copenhagen, akatoa kitabu cha hadithi kwa Kilatini, kikachapwa Leipzig. Kijana Niels Klim anashuka pangoni, kamba inakatika, anadondoka mpaka kwenye anga lenye jua lake na sayari yake. Hapa nisikilizeni vizuri: badala ya kuanguka anaanza kuelea akizunguka, anatoa mkate mfukoni, hauliki, anautupa, na ule mkate unaanza kumzunguka yeye kama mwezi! Mi kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Akitua anakimbizwa na fahali, anaparamia mti, kumbe mti ni mtu, tena mke wa hakimu. Nchi nzima ni miti inayotembea taratibu na kufikiri taratibu, na anayeelewa haraka wanamwona mpungufu wa akili, basi Klim na elimu yake ya chuo anapewa kazi ya tarishi, kwasababu ya miguu. Kule wanawake wanashika vyeo sawa na wanaume. Klim akitaka apande cheo anapeleka pendekezo kwamba wanawake waondolewe kwenye madaraka, na miti ile, bila haraka yoyote, inakaa, inalipima, inamhukumu kufukuzwa nchini, ndege wanambeba wanampeleka juu kabisa, upande wa ndani wa ganda hili hili tulilokalia sisi.