Jinsi ya kufuatilia yai la ngisi mpaka katoto katoke

Haya wadau, leo hatupiki ngisi, leo tunamlea, angalau mpaka atoke kwenye yai.

Cheki hapa. Hivi vidole vya jeli vyeupe vilivyoshikana pamoja, kila kimoja ni kifuko, na kwa ngisi wa jamii ya Loligo ndani ya kifuko kimoja unaweza kukuta mayai mia na zaidi. Mama kashayabandika chini kaondoka, halindi kama pweza.

Chukua kifuko kimoja tu. Kitie kwenye maji safi ya bahari yenye joto lilelile la pale ulipokitoa, weka pampu ya hewa mapovu yatoke taratibu, alafu kifunge uzi kining'inie, maana kikilala chini mayai ya katikati yanakosa hewa. Maji ya bomba hapana kabisa.

Siku za mwanzo utaona vitone vyeupe tu, usikate tamaa. Subiri macho. Yanaanza kama vidoti vyekundu vilivyofifia, yanazidi kukolea mpaka yanakuwa meusi, na hapo ndo utamu unapoanza, chukua lenzi usogee. Ona huyu, kakumbatia mfuko wa kiini kwa mikono yake kama mtu aliyebeba puto, na kila siku puto linanywea huku yeye anazidi kuwa mkubwa. Sasa tazama mgongoni, vile vidoa vya rangi vinafumba na kufumbua, yaani hata hajazaliwa tayari anajibadilisha!

Kwenye maji ya nyuzi 20 hivi hesabu wiki 2 mpaka 3, yakiwa baridi zaidi hata mwezi.

Alafu tafadhali usitikise chombo. Mimi nilikigonga mezani siku moja, wakatoka kabla ya wakati bado wana kiini kinaning'inia mdomoni, hawakufika mbali.

Wakiwa tayari wanatoka wenyewe, mara nyingi usiku, kwenye ncha ya mkia wana kiungo kinachotoa kimeng'enya cha kuyeyusha ganda, wanatokea mkia kwanza. Wana milimita 2 au 3 tu. Kiini kilichobaki tumboni kinawashikilia siku chache, kwa hiyo vidudu hai vya majini viwe tayari mapema, chakula kisichocheza hawakigusi.

Subiri nivute kamera... huyo! Umeona kale kawingu keusi? Ana dakika 5 duniani na ameshanitemea wino.