Olivetti na Taipureta Zake

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Leo nina kiwanda kimoja tu cha kuwasimulia: Olivetti cha Ivrea, kaskazini mwa Italia. Mhandisi Camillo Olivetti alikianzisha mwaka 1908, na mwaka 1911 akaipeleka taipureta yake M1 kwenye maonyesho ya Turin. Lilikuwa dude la kilo 17 hivi, la kuwekwa mezani likabaki hapo hapo. Jeshi la wanamaji la Italia liliagiza mashine 100. M20 ilitoka mwaka 1920, hiyo tuipite.

Tukae kwa mwanawe Camillo, Adriano. Alizuru viwanda vya Marekani katikati ya miaka ya 1920, akarudi na fikra mpya za kupanga kazi. Kisha akafanya la kwake: akaajiri wachoraji, wasanifu majengo, hata washairi, wakafanya kazi bega kwa bega na mafundi. Mwaka 1957 alipunguza saa za kazi kwa wiki kutoka 48 hadi 45, mshahara ukabaki ule ule.

Taipureta ya Lettera 22 ya mwaka 1950 ni zao la utaratibu huo. Umbo lake ni la Marcello Nizzoli, mitambo ni ya mhandisi Giuseppe Beccio. Haifiki kilo 4: unaitia mkobani, unaondoka. Mwaka 1954 ilipata Compasso d'Oro, tuzo ya Italia ya ubunifu wa bidhaa. Mrithi wake ni Lettera 32 ya mwaka 1963. Ile ya mwandishi Cormac McCarthy, iliyochakaa kwa miaka ya kazi, ilinadiwa mwaka 2009 kwa dola 254,500. Naam, taipureta!

Najua wapo wanaoisubiri Valentine ya mwaka 1969, ile taipureta nyekundu ya plastiki, iliyobuniwa na Ettore Sottsass na Perry King. Inapendeza, sibishi. Ila ukiifungua, mitambo ni ya Lettera 32. Mimi bado taji nampa Nizzoli.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1959 Olivetti iliinunua Underwood, kampuni ya taipureta ya Marekani, ikakuta mitambo iliyopitwa na wakati, na mzigo ukawa mzito. Februari 1960 Adriano akafariki ghafla akiwa ndani ya treni. Mwaka 1964 kitengo cha elektroniki kikauzwa kwa General Electric, kampuni ya Marekani. Hata hivyo, kikundi kidogo cha mhandisi Pier Giorgio Perotto kiliendelea na kazi yake, na mwaka 1965 kikaionyesha, jijini New York, Programma 101, mashine ya hesabu ya mezani iliyopokea programu kwa kadi ya sumaku. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi.