Njia ya baiskeli ipo, wa kuiulizia hayupo

Haya, mambo vipi watu wangu! Wakubwa shikamooni, na wa Temeke najua mpo, msijifiche. Leo siko Walthamstow, London, ninakoishi, niko nyumbani Dar kwa likizo. Kamera nimeifunga kwenye usukani, kwa hiyo picha ikiruka mnivumilie, hapa ni Manzese. Maneno mengine nimeyarekodi baadaye kwa fundi baiskeli Magomeni. Hiyo nyundo mtakayoisikia ni ya kwake, ananyoosha rimu ya mtu.

Sasa angalieni hapo mbele. Hicho kinjia cha pembeni ni njia ya baiskeli. Kweli kabisa. Ilijengwa pamoja na mwendokasi, awamu ya kwanza, Kimara mpaka Kivukoni, mabasi yakaanza kazi Mei 2016. Haya, tazameni: pikipiki hiyo inanijia usoni, na taa kaniwashia, yaani mimi ndiye niliyekosea njia. Nyingine hiyo, imebeba godoro. Hapa meza ya kava za simu. Pale mama wa watu na beseni lake la samaki wa kukaanga, huyo sina ugomvi naye, nimemsalimia na nimenunua. Na huyu mwenye Noah kaegesha kabisa, kioo kashusha, anakula mhogo. Nikampigia kengele. Kaniangalia, akapandisha kioo.

Mtu anayeishi Ulaya akianza habari za baiskeli mnajua wimbo utakaofuata: tuige Uholanzi. Mimi leo siuimbi. Dar ilishapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata, na mwendokasi ndiyo iliyotuletea. Zege lipo. Mkopo wa Benki ya Dunia uliojenga upo, na tutaulipa sote, mwenye V8 na mwenye ndala. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa. Mwananchi wa kawaida akitaka kulalamika kwamba njia hii imejaa pikipiki, aende kwa nani? Trafiki? Manispaa? Kwa wenye mabasi? Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa na bado ningesimama njia panda.

Nadharia yangu ni hii. Baiskeli haimfaidishi mwanasiasa kwa lolote. Kampeni zikianza mnajua wenyewe: bodaboda wanajaziwa wese, wanapanga mstari, bendera, honi, msafara unaonekana una watu kweli kweli. Mwenye baiskeli utamjazia nini, upepo? Hana leseni ya kukata, hana bima, hanunui mafuta, faini yake haimnenepeshi mtu, na kelele hapigi. Kura yake inahesabiwa sawasawa na ya wengine, lakini yeye haonekani. Ataonekana Siku ya Mazingira tu, mheshimiwa akipanda baiskeli mpya mita chache, picha zinapigwa, na V8 inamfuata taratibu kwa nyuma.

Na kuna wapanda baiskeli wa aina mbili hapa mjini ambao hata hawajuani. Jumamosi alfajiri pita Daraja la Tanzanite utawakuta wa mazoezi: kofia ngumu, miwani, nguo za kubana, baiskeli nyepesi ambayo bei yake hutaki kuisikia. Sina neno nao, nguo hizo na mimi ninazo. Akiguswa mmoja wao, kuna mtu atapiga simu na kuna mtu atapokea. Wa pili ni watu wa kazi. Mikate ya alfajiri, maguta ya maji na simenti, vijana wa aiskrimu na muziki wao, na madafu.

Huyu wa madafu nilimkuta Magomeni, akanikubalia nimpige picha. Iangalieni baiskeli yake. Phoenix nyeusi. Keria imechomelewa nondo mbili ili ihimili, madafu yananing'inia pande zote hata tairi la nyuma hulioni, na kamba zake ni vipande vya tyubu iliyokufa. Breki ya mbele hana, aliitoa mwenyewe, maana kwa mzigo ule anasema ukiifunga ghafla unapinduka nao. Kiti kakivisha kipande cha turubai, ingawa kukaa hakai. Anasukuma. Nikamuuliza, kaka, mbona huipandi? Akacheka: "Dada, nikiipanda hapa nani atanipisha?" Toka anakochukua mzigo mpaka anakouzia anatembea na baiskeli mkononi, barabarani, ubavuni mwa daladala, kwa sababu njia aliyojengewa ina mtu anakula mhogo.

Fundi naye kaniambia kitu. Zamani hapo kijiweni kwake alikuwa anaziba pancha za watu wanaokwenda kazini, makarani, walimu, watu wa viwandani. Sasa anaziba za mizigo na za watoto. Wale wa kazini wako kwenye bodaboda au wamesimama kwenye mwendokasi.

Mimi kama mwanamke nina kesi ya ziada. Mama mkubwa aliponiona natoa baiskeli uani alishika kiuno. "Wewe, mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi?" Nikamwambia mama, nauli imepanda. Akasema, "Nitakupa mimi hiyo nauli." Kariakoo nako kila kona nina mshauri. Dada utaanguka. Dada cheni itakula dera. Hilo la dera wako sahihi, cheni hii haina kava, ndiyo maana mnaniona nimelikunja na kufunga kanga kiunoni, na ndani kuna suruali. Mwanamke wa mjini akitaka baiskeli aanze kutafuta kava la cheni kabla hata ya rangi.

Kuna hoja nimeisikia hapa Dar na hata kule ninakoishi: mpanda baiskeli halipi kodi ya barabara, kwa hiyo anyamaze. Uingereza hoja hiyo ilishakufa, kodi ya barabara ilifutwa mwaka 1937 na barabara zinajengwa kwa kodi za watu wote, lakini madereva bado wanakupigia kelele nayo kwenye taa nyekundu. Kwetu, lazima niseme, ina mguu kidogo. Mfuko wa Barabara unakula kwenye tozo ya kila lita ya mafuta, na mwaka 2017 ada ya mwaka ya gari ilifutwa ikahamishiwa hukohuko kwenye mafuta. Sawa, mwenye gari anachangia. Ila hii njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro, hapa Manzese, haikujengwa kwa tozo ya wese, imejengwa kwa mkopo, na deni la taifa halimwulizi mtu kama ana gari.

Sasa huko ninakoishi msidhani ni peponi. Walthamstow iko kaskazini-mashariki mwa London. Mwaka 2014 manispaa yetu, Waltham Forest, ilichaguliwa kwenye mradi wa meya wa wakati ule, Boris Johnson, wakauita Mini-Holland, yaani Uholanzi ndogo, kama paundi milioni 30 hivi. Mitaa ya ndani ikafungwa magari yasiifanye njia ya mkato, njia za baiskeli zikachorwa. Watu walifanya nini? Waliandamana na jeneza. Jeneza, jamani! Mwaka 2015, Orford Road, mtaa wa maduka, wakisema biashara inazikwa. Leo mtaa huohuo ukipita umejaa viti vya mikahawa. Watafiti walipowafuatilia wakazi wa sehemu zilizobadilishwa, baada ya mwaka mmoja walikuwa wanatembea na kuendesha baiskeli dakika 41 zaidi kwa wiki kuliko wenzao wa sehemu nyingine, na nyingi ya hizo ni za kutembea kwa miguu. Hapo ndipo Dar ingenufaika, maana mji huu unatembea. Na diwani aliyeubeba ule mradi, uchaguzi wa 2018 wananchi walimrudisha.

Vita haikuisha. Julai 2023 palikuwa na uchaguzi mdogo Uxbridge, magharibi mwa London, chama cha Conservative kikashinda kwa kura 495 baada ya kupinga tozo ya magari yenye moshi mchafu. Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, akaona hapo pana mtaji, na Oktoba mwaka huohuo akatoka na mpango wa kuwapendelea madereva. Mnaona? Kule pia baiskeli ni siasa. Tofauti ni kwamba wanaigombania hadharani, na uwanja mkubwa wa ugomvi ni redio.

Sisi BBC tuliyokua nayo ni ile idhaa ya Kiswahili iliyoanza 1957, wazee wananyamazisha nyumba nzima ikifika saa ya habari. Kule ni kitu kingine. Kila nyumba inayotazama televisheni inalipa leseni, na hela hiyo ndiyo inayoiendesha BBC, Aprili 2025 ilifika paundi 174.50 kwa mwaka, na ukitazama bila kulipa unaweza kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo msikilizaji akipiga simu anapiga kama mwenye mali. Mchana Radio 2 yupo Jeremy Vine, mpanda baiskeli mwenyewe, alikuwa akiweka mtandaoni video za madereva waliombana njiani, mpaka mwaka 2025 akasema basi, matusi yamezidi.

Mijadala ile mara nyingi inanichosha. Wanamleta dereva mwenye hasira na mpanda baiskeli mwenye hasira, wanawaachia wararuane, muda unakwisha hakuna aliyetaja kwamba tangu Januari 2022 kanuni za barabarani za Uingereza zinamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwenye baiskeli, akiwa kwenye mwendo wa mpaka maili 30 kwa saa. Hilo ndilo nililotaka jirani yangu alisikie. Lakini mkiniuliza nachagua lipi, kelele zile au kimya cha huku, nachagua kelele.

Kwa sababu redio na baiskeli kwetu ni ndugu. Wakubwa mnakumbuka redio ya mkulima ilivyofungwa kwenye keria, Radio Tanzania inasoma matangazo ya vifo, huku mtu anakanyaga pedali anasikiliza kama jina la ukoo wake litatajwa. Hata karani wa sensa anauliza, redio mnayo? Baiskeli mnayo? Na ile redio ilikuwa na nguvu. Mwaka 1993 walianzisha mchezo wa Twende na Wakati, habari za uzazi wa mpango na UKIMWI zikapitishwa ndani ya kisa cha Mkwaju, dereva wa lori, na starehe zake za njiani. Dodoma haikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe. Tofauti ikaonekana: waliofikiwa na mchezo walibadilika katika kupanga uzazi na kujikinga. Mchezo wa redio huo, jamani, siyo semina ya hotelini yenye posho.

TBC, shirika letu la utangazaji la taifa, ndiyo iliyorithi Radio Tanzania na Televisheni ya Taifa mwaka 2007. Inaendeshwa kwa bajeti ya serikali na matangazo ya biashara, leseni ya kutazama sisi hatukati. Lakini bajeti ya serikali ni hela ya nani? Ya yule kaka wa madafu imo, kila akinunua sabuni, kila akinunua vocha. Redio binafsi siilaumu. Inaishi kwa matangazo, na pikipiki zinatangazwa, mafuta yanatangazwa, mikopo ya magari inatangazwa. Baiskeli nani ataitangazia? Haingizi hela kwa mwanasiasa, haingizi hela kwa mtangazaji. Amebaki mmoja tu anayelipwa na wote, TBC.

Simwombi makubwa. Taarifa ya foleni ya asubuhi, baada ya Ubungo kumejaa na Tazara kunakwenda, dakika moja ya mwenye baiskeli: pale Jangwani mvua imeacha tope, pale Fire kuna kifuniko cha chemba hakipo. Na kiongozi akija studio kueleza kilomita na mkandarasi, mtangazaji asome swali moja la ziada: njia ya baiskeli Manzese ina pikipiki, msimamizi wake ni nani na anafanya nini? Amtaje kwa cheo. Wiki inayofuata amrudie. Na mchezo wa jioni ukimpata dereva wa bodaboda anayejifunza kumpisha mtu wa madafu, wasikilizaji watakuwepo, Mkwaju alishatuonyesha.

Jua? Najua mtaniambia jua na jasho. Saa moja asubuhi jua la Dar halijakasirika, na mtu wa daladala ya Mbagala anafika kazini amelowa kuliko mimi.

Haya, kabla sijarudi nataka kurekodi Barabara ya Kilwa, ya awamu ya pili, niione kutoka machoni pa mtu wa kazi. Nitafutieni mwenye baiskeli ya mikate awe tayari kuvaa kamera kifuani safari moja. Malipo yapo, na ni malipo kweli, siyo hela ya soda. Mikate inatoka saa kumi alfajiri, mimi niko tayari. Tatizo mama mkubwa, ameshasema ufunguo wa geti muda huo hautoi.