Ulises Carrión na Kazi ya Kutengeneza Kitabu

Mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi wa sanaa mliofika jioni hii hapa Nairobi,

Ulises Carrión alizaliwa mwaka 1941 huko San Andrés Tuxtla, nchini Meksiko, akaanza kama mwandishi wa hadithi fupi, na kufikia mwaka 1970 alikuwa amekwisha kuchapisha mikusanyo miwili. Angeweza kuendelea na njia hiyo. Mwaka 1972 alihamia Amsterdam, akaacha kuandika miswada ya kuwapelekea wachapishaji, akawa anatengeneza vitabu mwenyewe, tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho.

Naomba tuitazame kwa karibu kazi yake ya mwaka huohuo, Sonnet(s). Carrión aliichukua soneti moja, yaani shairi la mishororo 14, ya Dante Gabriel Rossetti, mshairi wa Uingereza wa karne ya 19, akaitolea maumbo 44 tofauti kwa taipureta. Mishororo ni ileile 14, lakini hairudi vilevile: mahali pamoja imepigwa kwa herufi kubwa tupu, kwingine mpangilio umebadilika, hata msomaji anapofika katikati huwa amekwisha kuacha kufuata maana ya maneno, na sasa anafuata tofauti iliyopo baina ya ukurasa na ukurasa. Wapo watakaouliza ushairi uko wapi. Mimi nausikia humo humo, kwa sababu sisi tuliolelewa na vina na mizani tunajua kwamba umbo nalo husema, na Carrión alilifikisha jambo hilo kwenye karatasi yenyewe.

Msimamo wake aliueleza mwaka 1975 katika insha iliyotoka kwenye jarida la Plural la Meksiko: kitabu ni mfuatano wa nafasi, na kwa kuwa kila nafasi huonekana kwa wakati wake, ni mfuatano wa nyakati pia.

Mwaka huo alifungua Amsterdam duka lililoitwa Other Books and So, la vitabu vya wasanii, yaani vitabu vinavyotengenezwa kama kazi za sanaa. Nalihesabu duka hilo kuwa sehemu ya sanaa yake, wala si biashara ya pembeni, maana kwake kukifikisha kitabu mikononi mwa watu kulikuwa kazi ya msanii sawa na kukitengeneza. Lilipofungwa, aliigeuza akiba yake ya vitabu kuwa hifadhi, akaitunza hadi alipofariki mwaka 1989.

Nanyi mtakapopeleka kazi zenu kwa wapiga chapa wa River Road, amueni wenyewe ukubwa wa ukurasa, uzito wa karatasi na mahali utakapokaa ukurasa mtupu, kabla hamjaanza kuzungumza bei.