Ulinzi Huanzia Jikoni: Kupiga Kafi Peke Yako Katika Nchi ya Dubu

Ndugu zangu mnaoishi Marekani na Kanada,

Nashukuru kwa mwaliko huu. Katika maswali yaliyokusanywa mlangoni, mengi yanataka kujua mtu anayekwenda Alaska peke yake kwa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, achukue bunduki ya aina gani. Nimeulizwa swali hilo kila nilipozungumza, na kila mara naomba lisubiri zamu yake. Tuanze na chakula, kwa sababu dubu huongozwa na pua, na msafiri wa peke yake hulindwa au huponzwa na sufuria yake kabla hajaonana na mnyama yeyote.

Nitashika mfano mmoja, Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay, kusini-mashariki mwa Alaska. Mahali pengi huko milima imeshuka hadi baharini, kiasi kwamba ule ukanda mwembamba wa kokoto ulio kati ya maji na mwamba ndio njia wanayopita dubu wa kahawia na dubu weusi, na ndipo hapohapo nawe utakapotafuta pa kupiga hema. Huwezi kuwakwepa kwa kuchagua ufuo usio na dubu. Unaloweza ni kuhakikisha kwamba wanapopita hawakuti sababu ya kusimama.

Nanyi mliokulia Unguja, Mombasa au Lamu mna elimu ambayo wengine huitafuta vitabuni, yaani kupwa na kujaa. Bahari ya Glacier Bay inaweza kupanda na kushuka kiasi cha mita 7 na zaidi, karibu mara mbili ya bamvua la kwetu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Basi jikoni pako ni kule chini, juu ya kokoto zilizolowa na mwani, maji yakiwa yamekupwa. Teleka huko, kula huko, osha sufuria huko, piga mswaki na uteme povu huko. Maji yakijaa yataondoka na punje ya wali, tone la mafuta na harufu ya samaki. Ukimaliza, chakula chote, pamoja na takataka, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, kinaingia katika pipa gumu la plastiki ambalo dubu hawezi kulifungua, na ambalo hifadhi humwazima mpiga kambi bila malipo. Pipa hilo unaliweka juu ya alama ya maji kujaa, lisije likachukuliwa na bahari, nalo na jiko vyote viwe umbali wa mita 90 hivi kutoka hemani.

Najua kuna atakayesema kwamba mita 90 ni mbali, mvua inanyesha, yuko peke yake, na kipande kimoja cha chokoleti ndani ya hema hakitamdhuru mtu. Kauli hiyo hunikasirisha, na sitaficha. Dubu aliyeonja chakula cha binadamu hurudi kukitafuta, na anayemkuta usiku huenda akawa msafiri mwingine asiyejua lolote, kisha dubu mwenyewe mara nyingi huishia kuuawa. Mwingine huniambia kwamba amelala hemani Serengeti huku fisi wakizunguka, na asubuhi hakuna kilichopotea ila kiatu. Ndugu yangu, huko ulikuwa na wenzako, na chakula kilifungiwa ndani ya gari. Katika ufuo wa Alaska huna gari, na kayaki haiwezi kuwa kabati, kwa kuwa dubu akinusa biskuti ndani yake anaweza kuipasua, nawe ukabaki ufuoni bila chombo cha kurudia.

Wawili wakisafiri, mmoja hupika na mwenzake hutazama. Wewe uliye peke yako utainamia jiko na kuupa msitu mgongo, kwa hiyo kaa ukitazama msitu na urefu wa ufuo, hata kama upepo unakusumbua. Kabla ya kushuka, tulia majini dakika kadhaa uukague ufuo: ukiona nyayo mbichi, kijito chenye samoni au mzoga wa sili, endelea mbele. Hapa ndipo uchovu humponza mtu, kwa sababu hana mwenzake wa kumkataza. Panga siku yako ubaki na nguvu na mwanga wa kufikia ufuo wa pili. Na ukiingia vichakani kutafuta maji, sema kwa sauti kubwa, maana kelele za kijito huzuia dubu kukusikia.

Naona muda unanikimbia, basi silaha. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero walichapisha mwaka 2008, pamoja na wenzao, uchunguzi wa matukio ya Alaska kati ya 1985 na 2006: dawa ya kupuliza ya pilipili ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 walichunguza matukio 269 yaliyohusu bunduki, na hawakuona tofauti ya majeraha kati ya walioitumia na wasioitumia. Mwenye kutaka bunduki sitamzuia, ila sitakubali aichukue badala ya pipa.

Dubu akikuona, usikimbie. Simama, sema naye kwa utulivu, rudi nyuma polepole akiwa ametulia. Akikujia kwa kasi, puliza dawa ya pilipili afikapo kama mita 10. Dubu wa kahawia aliyeshtuka akikugusa, lala kifudifudi na ufunike shingo kwa mikono. Dubu mweusi anayekushambulia, au dubu yeyote anayeingia hemani usiku, pigana naye kwa nguvu zote.

Dawa hiyo hairuhusiwi katika ndege za abiria, hata ndani ya mzigo unaokabidhiwa, kwa hiyo inunueni mkifika, na kopo livaliwe kifuani juu ya koti la kujiokolea.